Je, taa ndiyo inayowapandisha dagaa? Swali kuhusu planktoni, kutoka Kibirizi

Katibu wa Mwalo (Kibirizi) ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa wenye ujuzi wa maji na viumbe wake. Katika kikao cha BMU yetu (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) kulizuka ubishi ambao ulishindikana kumalizwa, nikaagizwa niutafutie majibu. Upande mmoja unashikilia kwamba taa za sola, ambazo siku hizi zimechukua nafasi ya karabai katika mitumbwi mingi, ndizo zinazowapandisha dagaa kutoka kilindini, na kwa hiyo mwenye taa nyingi na kali anamnyang'anya jirani yake samaki ambao wangepanda kwake. Upande wa pili unasema kwamba dagaa hupanda kufuata chakula, yaani vile vidudu vidogo mno vinavyoonekana vikizungukazunguka kwenye mwanga chini ya taa, na kwamba vidudu hivyo vingepanda hata kama ziwa zima lisingekuwa na taa hata moja.

Nimesoma kwamba wataalamu wa bahari wamechunguza kwa miaka mingi jinsi planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini kama vidudu hivyo, wanavyopanda usiku na kushuka alfajiri, na jinsi wanavyokula. Ninachotaka kujua ni kama vidudu hivi vinavutwa na mwanga au vinaukimbia. Vinakula nini, na vinakulaje ikiwa mkondo wenyewe unavichukua unakotaka. Na kama yaliyogunduliwa baharini yanaweza kuletwa kwenye Ziwa Tanganyika bila kupotosha. Ningeshukuru kupata maelezo ambayo naweza kuyasoma mbele ya wavuvi, watu ambao wamelijua ziwa hili tangu utotoni na hawadanganyiki kirahisi.

Mtafiti wa Uvuvi (Kigoma Mjini) amejibu:

Ndugu Katibu, upande wa pili una hoja yenye nguvu zaidi, ingawa upande wa kwanza nao haujakosa kabisa. Kinachowapandisha ni kuzama kwa jua. Taa inakuja baadaye, na kazi yake ni kuwakusanya wale ambao tayari wamefika juu.

Nianze na vidudu wenyewe. Wengi wa wale unaowaona chini ya taa ni kopepodi, ndugu wa mbali wa uduvi, wenye urefu wa milimita moja hivi. Katika maji ya wazi ya ziwa letu anayejulikana zaidi ni Tropodiaptomus simplex, na kuna wengine wadogo kuliko yeye. Baharini kopepodi ndio walio wengi kuliko wanyama wengine wowote wa planktoni wanaoonekana kwa macho, na ndiyo maana utafiti mwingi wa tabia na ulaji umefanywa juu yao.

Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini kwamba kopepodi hula kwa kuchuja, kwamba miguu yake ya kinywani yenye vinyweleo ni chujio ambalo maji hupita na chakula hubaki. Mwaka 1981 wanasayansi wawili, Mimi Koehl na Rudi Strickler, walichapisha matokeo yaliyoutikisa mtazamo huo. Walimshikilia kopepodi mmoja mmoja kwa unywele uliobandikwa mgongoni, wakatiririsha rangi kwenye maji yaliyomzunguka, kisha wakampiga picha kwa kamera ya kasi kubwa. Walichokiona ni kwamba kwa mnyama wa ukubwa ule maji ni mazito, anaishi humo jinsi sisi tungeishi ndani ya asali: ukiacha kusukuma, unasimama papo hapo, na maji hayapiti kirahisi kati ya vinyweleo vilivyosongamana. Kwa hiyo kopepodi hutumia miguu yake kuvuta mkondo mdogo unaopita karibu na kinywa, na chembe ya mwani inapokaribia, jozi moja ya viungo hufunguka ghafla na kulinyonya tone la maji lenye chembe hiyo, kisha hufunga na kuyakamua maji yatoke. Anamkamata mlo wake mmoja mmoja, na anaweza kuikataa chembe asiyoitaka baada ya kuionja.

Si wote wanaokula hivyo. Wapo kopepodi wa jenasi ya Oithona, wanaopatikana karibu bahari zote, ambao hutulia kimya majini na kumrukia kiumbe anayejisogeza karibu nao. Wanamtambua kwa mtikisiko wa maji unaofika kwenye vinyweleo vya papasi zao, zile pembe ndefu za kuhisia kichwani. Na yupo Acartia tonsa, ambaye hubadili mbinu: akiwa katikati ya mwani usiojongea huvuta mkondo, akiwa katikati ya viumbe wanaoogelea hunyamaza na kuvizia. Thomas Kiørboe wa Denmark na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1996. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha swali lako kuhusu usiku, kwa sababu anayevuta mkondo anapata chakula kingi, lakini mkondo huohuo unamtangaza kwa adui anayehisi mtikisiko wa maji. Kula ni hatari kwa kopepodi. Mchana hatari inaongezeka, maana kuna samaki wanaowinda kwa macho.

Sasa kupanda na kushuka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabaharia wa Marekani waliokuwa wakitumia mawimbi ya sauti kutafuta nyambizi walipata mwangwi uliorudi kutoka mita mia kadhaa chini, mahali ambapo ramani zilionyesha kilindi kirefu zaidi, kana kwamba bahari ilikuwa na sakafu ya pili. Mwaka 1945 Martin Johnson wa taasisi ya Scripps, California, alionyesha kwamba tabaka hilo lilipanda jioni na kushuka asubuhi, kwa hiyo lilikuwa la viumbe hai. Leo inakubalika kwamba huo ndio msafara mkubwa kuliko yote ya wanyama duniani, na hufanyika kila siku bila taa ya mtu yeyote.

Kuhusu kuvutwa au kukimbia, yote mawili ni kweli kwa nyakati tofauti. Mwanga mkali wa mchana wanaukwepa kwa kushuka. Usiku, wakiwa tayari juu, wengi wao huuelekea mwanga hafifu ulio karibu. Lakini pima mwendo wao: kopepodi wa milimita moja hupanda makumi machache ya mita kwa saa. Taa iliyowashwa saa mbili usiku haiwezi kumwita kopepodi aliyeko mita mia moja chini akafika kabla wavu haujainuliwa. Dagaa ni mwepesi zaidi, na yeye huvutwa na mwanga wenyewe pamoja na chakula anachokiona ndani yake, kwa hiyo mwenye taa kali anaweza kweli kuwakusanya dagaa wa eneo pana kidogo kuliko mwenye taa hafifu. Huo ni ubishi wa nani anapata sehemu ipi ya samaki waliokwisha kupanda, na BMU inaweza kuutatua kwa kanuni za umbali kati ya mtumbwi na mtumbwi.

Mzee wa Kipe (Katonga) amejibu:

Katibu, salaam. Na wewe mtafiti, mwanangu, nashukuru kwa maelezo. Nimevua kwa karabai na nimevua kwa taa za betri, na naweza kuthibitisha jambo moja kwa macho yangu. Ukiwasha taa na kutulia, wanaokuja kwanza ni hao vidudu. Unawaona wakikatiza katika mwanga kwa mirukoruko, wakisimama na kuruka tena. Baadaye dagaa huanza kupita pembeni, kwenye mpaka wa mwanga na giza, wakimetameta wanapogeuka, kisha taratibu wanaingia katikati na kuzunguka. Migebuka, samaki wakubwa wanaowala dagaa, hubaki chini yao, na mara nyingi unajua wamefika kwa jinsi dagaa wanavyobanana ghafla na kuwa duara moja zito. Mvuvi mwenye haraka huinua wavu dagaa wakiwa bado pembeni, akapata kidogo.

Ninalotaka kulielewa ni suala la mwezi. Tangu zamani tunavua kwenye giza, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inapumzika na nyavu zinarekebishwa. Lakini vijana sasa wanasema kwamba taa zao zina nguvu kuliko mwezi, wanatoka hata mwezi ukiwa mpevu, na wanarudi na ndoo mbili tatu za kuona aibu kuzipeleka chanjani. Kama taa ni kali hivyo, kwa nini dagaa hawaji? Na kuna jambo jingine: siku chache baada ya mwezi mpevu, lile giza fupi la mwanzo wa usiku kabla mwezi haujachomoza huwa lina samaki, na wazee wetu walituhimiza kuliwahi. Je, wataalamu wanalijua hilo?

Mtafiti wa Uvuvi (Kigoma Mjini) amejibu:

Shikamoo, mzee. Wanalijua, na aliyelieleza vizuri kuliko wote aliligundua kwa samaki wetu wenyewe.

Kati ya mwaka 1967 na 1968 dagaa wa Tanganyika wa aina ya Limnothrissa miodon walichukuliwa na kupandikizwa katika Ziwa Kariba, kwenye mto Zambezi, ambako wanaitwa kapenta. Bwawa la Cahora Bassa lilipojazwa Msumbiji mwaka 1974, samaki hao walilifikia kwa kuteremka na mto. Mwanabiolojia wa Poland, Maciej Gliwicz, alihesabu planktoni wa bwawa hilo na kukuta kwamba idadi yao ilipanda na kushuka kwa kufuata mwezi: waliongezeka katika siku za giza, kisha walipukutika karibu na mwezi mpevu. Maelezo yake, aliyoyachapisha mwaka 1986, yanafanana na wosia wa wazee wako. Katika siku zinazofuata mwezi mpevu jua huzama, giza huingia, na planktoni hupanda kwa imani kwamba usiku ni salama. Mwezi unachomoza baadaye, kila siku ukichelewa kwa dakika hamsini hivi zaidi ya jana, na unawakuta juu, hawana pa kujificha, huku dagaa wakiwaona vizuri. Aliiita hali hiyo mtego wa mwezi.

Kwa hiyo jibu la swali lako lina sehemu mbili. Mwezi mpevu unapoangaza usiku kucha, dagaa anaona chakula kila mahali na hana haja ya kuja kwenye taa. Mwanga wa taa nao haujitokezi sana, kwa kuwa maji yanayoizunguka si meusi tena, hata kama taa yenyewe ina nguvu. Na katika lile giza fupi la kabla ya mwezi kuchomoza, planktoni wamepanda, dagaa wamewafuata, na taa yako bado ndiyo mwanga pekee uliopo. Vijana wanaoshindana na mwezi wanachoma betri bure.

Baharini pia nguvu ya mwezi imethibitishwa, na mahali ambapo usingetarajia. Kwenye bahari ya Aktiki wakati wa majira ya baridi jua halichomozi kabisa kwa wiki nyingi, na ilidhaniwa kwamba planktoni wa huko hutulia. Mwaka 2016 Kim Last na wenzake walionyesha, kwa vipimo vya mwangwi vilivyokusanywa kwa miaka mingi, kwamba katika giza hilo planktoni huacha ratiba ya saa 24 na kufuata siku ya mwezi, yenye takriban saa 24.8, na kwamba mwezi mpevu ukiangaza hushuka kwa pamoja hadi karibu mita 50. Mwezi peke yake, bila jua, unatosha kuwasukuma.

Huyohuyo Gliwicz alijibu pia kwa nini wanashuka kabisa, badala ya kubaki juu kwenye mwani mchana kutwa. Alilinganisha maziwa ya milima ya Tatra: yale yasiyo na samaki, yale yaliyowekewa samaki miaka michache au mingi iliyopita, na yale ambayo yamekuwa na samaki tangu enzi za kale. Kopepodi wa aina ileile hakushuka mchana palipokosekana samaki, na kadiri samaki walivyokuwa wenyeji wa muda mrefu ndivyo alivyozama zaidi.

Mwalimu wa Biolojia (Kasulu) amejibu:

Nimefuatilia kwa hamu, lakini naomba kuweka tahadhari kabla Katibu hajayapeleka yote haya mwaloni. Bahari si Ziwa Tanganyika, na tofauti moja ni kubwa kiasi cha kubadilisha hesabu. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, lakini oksijeni huishia karibu mita 100 upande huu wa kaskazini, na hufika mita 200 na ushei kule kusini. Chini ya hapo ni maji yasiyo na pumzi, yenye salfidi ya hidrojeni, ambayo hayachanganyiki kirahisi na ya juu. Planktoni wa baharini anaweza kujificha mita 400 au 600 chini ambako mwanga haufiki. Wa kwetu ana ghorofa fupi sana ya kukimbilia, tena ndani ya maji angavu yanayopitisha mwanga mbali. Anayetumia vina vya baharini kuelezea dagaa wa Kigoma atakosea.

Tofauti ya pili ni ya wakazi wenyewe. Kile kiroboto maji anayeitwa Daphnia, ambaye ndiye mfano wa vitabu vyote vya shule kuhusu planktoni wa maji baridi, hapatikani kwenye maji ya wazi ya ziwa letu. Badala yake tunaye mnyama ambaye wanafunzi wangu wa Kigoma wanamfahamu bila kumjua jina: mwavuli wa jeli unaopitisha mwanga, mpana wa sarafu hivi, unaopwitapwita karibu na uso wa maji. Ni Limnocnida tanganjicae, jamaa wa wale wa baharini wanaowasha ngozi, na yeye pia hula kopepodi. Mjerumani Richard Böhm alimwona mwaka 1883, na habari zake zilisababisha wanasayansi wa Uingereza kudhani kwamba ziwa hili liliwahi kuungana na bahari. J. E. S. Moore alifanya safari mbili za uchunguzi mwishoni mwa karne ya 19 akiitetea nadharia hiyo, ambayo baadaye ilikataliwa: ziwa limezaliwa na bonde la ufa, na viumbe wake walibadilika humohumo.

Kwa hiyo swali la Katibu la kuleta mambo ya baharini ziwani lilikuwa na wakubwa zake tangu zamani, na walipotea.

Mtafiti wa Uvuvi (Kigoma Mjini) amejibu:

Mwalimu, kuhusu vina nakubaliana nawe kabisa. Hata hivyo nisingependa tahadhari hiyo itufikishe mahali pa kutupa kila kitu cha baharini. Uzito wa maji kwa mnyama wa milimita moja haubadiliki kwa sababu ya chumvi, na namna ya kukamata mwani au kuvizia ni ileile. Na hata hiyo sakafu ya oksijeni ina mfano wake baharini: katika Bahari ya Arabuni na nje ya pwani ya Peru yapo matabaka yenye oksijeni haba sana, na baadhi ya planktoni hushuka humo mchana makusudi, kwa sababu samaki wengi wanaowawinda hawawezi kuwafuata. Kuna faida katika kuishi kwenye mpaka wa pumzi. Kinachosafiri kutoka bahari hadi ziwa ni kanuni. Vipimo vinapaswa kuchukuliwa hapahapa.

Katibu wa Mwalo (Kibirizi) ameandika:

Nawashukuru sana, mzee wangu na ndugu zangu. Naomba niulize la mwisho, kwa kuwa najua litakuwa la kwanza kuulizwa kikaoni. Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na wavuvi waliumia. Ikiwa dagaa anategemea kopepodi, na kopepodi anategemea mwani, je, kufunga ziwa kunaongeza chakula cha dagaa, au kunaongeza dagaa tu?

Mtafiti wa Uvuvi (Kigoma Mjini) amejibu:

Kunaongeza dagaa, Katibu, na ni vizuri useme hivyo bila kuremba. Mwani unahitaji virutubisho, na virutubisho vya ziwa hili vimelala chini kwenye maji yasiyo na oksijeni. Vinapandishwa hasa na upepo wa kusi, ambao huvuma kuanzia Mei hadi Septemba hivi, ukayasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini na kuyaruhusu ya chini yapande upande wa kusini. Ziwa zima huyumba baada ya hapo, na mwani huongezeka. Lakini ziwa limekuwa likipata joto, na maji ya juu yakiwa na joto zaidi huwa mepesi zaidi, na upepo uleule unashindwa kuyachanganya na ya chini kama zamani. Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria mwaka 2003 kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 20, na kwamba jambo hilo lingeweza kuwa limepunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Kufunga uvuvi hakugusi sehemu hiyo.

Lakini angalia tarehe. Miezi ile iliyofungwa imo ndani ya msimu wa kusi, wakati mwani na kopepodi wanaanza kuongezeka. Dagaa wa aina ya Stolothrissa huishi mwaka mmoja hivi tu, kwa hiyo watoto wanaobaki majini kipindi hicho wanakutana na chakula kinachoongezeka, na wanakuwa wakubwa wa kuvuliwa ndani ya msimu huohuo wa maisha yao. Mimi naona hoja ya kuwapa wavuvi ni hiyo.

Kama BMU inataka kuwa na ushahidi wake, andikeni katika daftari la mwalo, kwa kila usiku, saa ya mwezi kuchomoza, saa ya wavu kuinuliwa na idadi ya ndoo za kila mtumbwi. Wavu wa planktoni wa kuanzia unaweza kushonwa kwa kitambaa chepesi chenye matundu madogo sana, ukavutwa jioni na alfajiri mahali palepale; mwalimu wa Kasulu bila shaka ana darubini.

Mwalimu wa Biolojia (Kasulu) amejibu:

Ninayo, na kidato cha tatu wanafika kwenye mada ya mifumo ya ikolojia muhula ujao. Katibu, hifadhini sampuli ndani ya chupa zenye spiriti na kuandika saa na kina juu ya kila chupa. Zisizo na maandishi hazitatusaidia.